Isaka Hakumwuliza Mtu wa Pili



Tusomapo kitabu cha Mwanzo sura ya 27, wengi wetu humlaumu Yakobo, kisha tukafunga Biblia. Mwezi huu na tumtazame zaidi baba yake, mzee Isaka, maana yaliyompata yeye yanawapata watu wa mitaa yetu kila juma kwa njia ya simu.

Isaka alikuwa mzee, na macho yake yameingiwa na giza. Alikuwa akimngoja Esau arudi kutoka mawindoni. Yakobo akaingia na chakula, amevaa mavazi ya kaka yake, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Wala Isaka hakuwa mjinga. Alishangaa jinsi mawindo yalivyopatikana upesi. Aliitilia shaka sauti. Alimpapasa, akamwuliza tena kama kweli ndiye Esau, na mwisho akanusa mavazi yake. Hata hivyo alidanganyika. Kwa nini? Kwa sababu kila alichokipima kililetwa na yule yule aliyekuja kumdanganya. Ngozi alizileta yeye, mavazi aliyaleta yeye, na jibu la swali alilitoa yeye. Isaka hakumwita mtu wa pili, wala hakungoja. Angengoja kidogo tu, Esau angekuwa mlangoni. Lakini baraka ilikwisha kutoka, wala haikurudishwa.

Basi na tutazame siku zetu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008 ilitupunguzia taabu nyingi, kwa kuwa karo na matumizi ya wazee viliweza kufika bila mtu kupanda basi na fedha mfukoni. Lakini njia anayoitumia mwana kumsaidia mama yake, mwizi naye ameijua. Hutuma ujumbe kwamba ile fedha sasa itumwe kwa namba nyingine, akitumaini kuwa kati ya wengi atampata mmoja aliyekuwa karibu kutuma. Hupiga simu akijiita mtumishi wa benki, hututaja kwa jina, kisha hutaka namba ya siri. Hutuma kiungo cha zawadi ambayo hatukuigombea. Huomba tumsomee tarakimu sita zilizoingia katika simu yetu. Tukimsomea, WhatsApp yetu inakuwa yake, naye huwaandikia ndugu zetu kwa jina letu na picha yetu akiomba fedha. Huyo amevaa mavazi ya Esau. Tena leo kompyuta inaweza kuigiza hata sauti ya mtu. Kile kimoja kilichomtia Isaka shaka, sisi hatuwezi tena kukitegemea.

Tunamjua mama mmoja, mtunza fedha wa kikundi cha akina mama. Alipigiwa simu akaambiwa mkopo wao wa halmashauri umepitishwa, ila watangulize ada kabla ya saa kumi jioni, la sivyo watapewa wengine. Alimwuliza yule mtu mara tatu kama kweli anatoka halmashauri. Mara tatu alijibiwa ndiyo. Akatuma akiba ya kikundi. Ofisi ya kata ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Baadaye aliuza mbuzi zake akalipa, na kwa miezi mingi hakuonekana ibadani kwa ajili ya aibu. Kwa kuwa hakusema, kikundi cha jirani nacho kilinaswa kwa maneno yale yale.

Sisi tuliolelewa zamani tulifundishwa kumtii mwenye cheo na kumkimbilia ndugu aliye katika shida. Ni malezi mema, wala tusiyaache. Lakini mwizi hupitia hapo hapo: hujipa cheo, hujifanya ndugu, kisha hutuharakisha. Kwa hiyo tukumbuke kwamba kuuliza kwa mwingine si dharau, wala si upungufu wa imani. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake hakuwaficha kuwa mbwa-mwitu wapo. Aliwataka wawe na busara pamoja na upole.

Na tufanye hivi. Anayetupigia akitaka fedha au siri, tukate simu, kisha sisi wenyewe tumpigie mhusika kwa namba tuliyokuwa nayo siku zote, au twende ofisini kwa miguu yetu. Tukiambiwa fedha imeingia kwetu kwa makosa, tutazame salio, si ujumbe. Na ikiwa imeingia kweli, kampuni ndiyo iirudishe. Kabla ya kuthibitisha malipo tusome jina linalotokea. Namba ya siri na tarakimu za uthibitisho tusimpe mtu yeyote, hata akijiita askofu. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Basi tupige *106# tuone kama kuna laini tusiyoijua iliyosajiliwa kwa jina letu. Ujumbe wa kitapeli tuupeleke kwa namba 15040, ili laini ya mwizi ifungiwe. Na fedha ikiwa imekwisha kutoka, tuipigie kampuni ya simu papo hapo kwa namba 100, kisha tutoe taarifa polisi.

Jambo moja limebaki, nalo ni letu kama kanisa. Isaka alipogundua alitetemeka sana, lakini hakuficha. Alimwambia Esau saa ile ile. Je, mtu wetu akidanganywa, ana mahali pa kusema bila kuchekwa? Tukimcheka mmoja, kumi watanyamaza, na mwizi ataendelea kuvuna katika ukimya wetu. Yule mama alirudi ibadani siku wenzake walipokwenda kumchukua nyumbani. Leo yeye ndiye anayewaonya wengine, nao humsikiliza kuliko sisi tunaoandika.

Bwana atupe subira ya kungoja kidogo, moyo wa kuuliza, na upendo wa kumwinua aliyeanguka. Amina.