Daftari Lisilosahau

Msafiri aiachaye Njombe katika ukungu wa alfajiri, akateremka hadi Makambako, pale barabara ya Songea ikutanapo na ile iendayo Zambia na reli ya TAZARA, huona malori na magunia ya viazi, asione salamu, madeni na siri za waja zipitazo katika nyaya za mtandao kwa kasi isiyo na kifani.

Mhandisi atakaye kujua jinsi mwizi alivyoingia mtandaoni, ilhali wizi umegunduliwa baada ya miezi, hana hila ya hakika ila awe amehifadhi yote yaliyopita katika nyaya hizo, mema na mabaya, kwa kuwa siku ile hakuna aliyejua lipi ni lipi. Hesabu yake ni nzito: njia moja ya gigabiti 10 kwa sekunde, ikijaa usiku na mchana, huzaa terabaiti 108 kwa siku. Ndiyo maana maghala ya diski hayashibi.

Waislamu huamini kwamba malaika Kiraman Katibin huandika kila amali. Lakini daftari lao husomwa na Rahimu, na toba hufuta. Daftari la mhandisi toba hailijui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yakataza taarifa za mtu kukaa kupita haja yake; ila haja ya mlinzi ina kikomo gani, iwapo mwizi wa kesho hajulikani leo? Nami nakiri, kama ningeibiwa mimi, ningetamani hata mnong'ono wa jirani yangu uwe umehifadhiwa.