Ishmaeli Alikuja Kumzika Babaye

Masomo: Mwanzo 21:8–21 na 25:7–11



Liko jambo katika kitabu cha Mwanzo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita asilione. Ibrahimu alipokufa, akiwa na umri wa miaka 175, wanawe wawili walimzika katika pango la Makpela: Isaka na Ishmaeli. Kwamba Isaka alikuwapo, hatustaajabu. Yeye ndiye aliyekaa nyumbani, tena ndiye aliyerithi. Walakini Ishmaeli alitoka wapi? Mara ya mwisho tuliposikia habari zake katika nyumba ya babaye ilikuwa asubuhi ile ya sura ya 21, Ibrahimu alipotwaa mkate na kiriba cha maji, akampa Hajiri, akamtoa yeye na mtoto wake. Wakapotea katika jangwa la Beer-sheba. Maji yakaisha. Mama akamlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Mungu ndiye aliyewaokoa, baba hakuwako.

Hajiri alikuwa mjakazi, naye alipewa Ibrahimu awe mkewe, kama isemavyo sura ya 16. Kisha akaondolewa. Ijapokuwa hapakuwa na hati wala hakimu, sisi twajua jina la jambo hilo: ni talaka. Na mtoto wa talaka hiyo ndiye aliyesimama Makpela. Tukihesabu miaka iliyoandikwa, siku ile Ishmaeli alikuwa mtu wa miaka 89, na Isaka wa miaka 75. Maandiko hayasemi kwamba Ibrahimu alipata kumwomba radhi mwanawe. Hayasemi kama Ishmaeli alilia. Yasema tu ya kwamba alimzika babaye, pamoja na ndugu yake.

Twaandika haya kwa sababu hapa Milanzi, na katika nchi yote ya Ufipa toka Namanyere hata Laela, tunao Ishmaeli wengi. Kila mwalimu wa Injili awajua. Wazazi waliachana watoto wangali wadogo. Mama alirudi kwa ndugu zake, akapewa kipande cha shamba, akalima ulezi na maharage, akauza gunia kwa gunia, akawasomesha. Baba akaoa mwingine. Leo watoto wamekua. Mmoja yuko Mbeya, mmoja Dar es Salaam, mmoja ana duka mjini Sumbawanga. Baba naye amekuwa mzee, macho hayaoni vema, na paa la nyumba yake lavuja. Habari zimewafikia watoto, nao wamenyamaza. Wengine husema waziwazi, Sisi hatuna baba.

Basi twawaulizeni: talaka ikiisha kukatwa, ni nini kimekufa, na ni nini kingali hai?

Tuanze na sheria ya nchi yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mume na mke wenye ugomvi waende kwanza mbele ya baraza la usuluhishi, na mahakama haivunji ndoa mpaka ionekane haiwezi kutengenezwa tena. Yasema pia ya kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa afaa kukaa na mamaye, isipokuwa ionekane sababu ya kufanya vingine. Na baba hufungwa na wajibu wa kumtunza mtoto hata kama akaa kwa mwingine. Angalieni neno hili. Sheria ina mkasi wa kukata jina la mume na jina la mke. Haina mkasi wa kukata jina la baba wala jina la mama.

Wazee wetu nao walijua ya kwamba mtu aweza kupoteza kiti asipoteze heshima. Masimulizi ya kale ya Ufipa yasema kuwa mtawala wa Milanzi alitoka nyumbani kwenda safari, akamwachia mkewe kiti chake akilinde. Wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Watwa, na yule mke akawaachia kiti. Mume aliporudi alikasirika. Lakini mwisho wa habari ni mapatano. Watwa walishika utawala wa nchi, na wenyeji wa Milanzi wakabaki na mahali pao na heshima yao ya ukuhani. Hatuhubiri masimulizi hayo kama Neno la Mungu. Lakini yatusaidia kuelewa: baba aliyeondoka katika nyumba amepoteza mengi, pengine kwa haki. Amepoteza kiti cha kuamuru, na furaha ya kuwaona watoto wakikua. Hata hivyo iko heshima moja ambayo si watu waliompa, nao hawawezi kumvua. Ndiyo ile ya amri ya nne.

Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha ya kwamba wazazi waheshimiwe hata wakiwa maskini, dhaifu na wenye tabia ngumu, kwa kuwa heshima yao hutoka katika agizo la Mungu, haitoki katika wema wao. Fikirini vizuri, ndugu. Amri haikutuambia tuwasifu wazazi wetu. Haikutuambia tuseme uovu ni wema. Mtoto aliyeachwa na njaa aweza kusema, Niliachwa na njaa, naye hajavunja amri. Heshima ni kitu kingine: ni kumsalimu, kujua kama amekula, kutomtukana mbele ya watu, kumfunika uzee wake usiwe mchezo wa kijiji. Na ikiwa mzazi angali mpigaji au mlevi wa kuharibu, mwana na aheshimu kwa mbali, kwa mkono wa mzee wa kanisa au wa ndugu mwaminifu. Kwa maana amri hii haimlazimishi mtu kulala katika nyumba iwakayo moto.

Sasa tujibu maneno tunayoyasikia vinywani mwa watoto hawa waliokwisha kuwa watu wazima.

Neno la kwanza: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuipingi. Aliyelea ana haki ya shukrani ya kwanza. Mwana asichukue katika kikapu cha mama ili apate kujionyesha kwa baba. Lakini methali hupima kazi. Haikuwekwa ipime amri ya Mungu. Katika Marko 7:9–13 Bwana Yesu aliwakemea watu waliopata sababu nzuri, tena sababu ya dini, ya kutowasaidia wazazi wao. Ikiwa hata sadaka ya hekalu haikuwa sababu ya kutosha, hasira yetu itatoshaje?

Neno la pili ni zito zaidi: Nikimpelekea baba debe la mahindi, mama atalia. Hapa ndipo kifundo chenyewe. Watoto wengi hawamchukii baba. Wamwogopea mama machozi. Aliteseka kwa ajili yao, naye aona kila salamu iendayo kwa baba kuwa usaliti. Kwa hiyo wengine hutuma kwa siri. Na siri ikifichuka, moto huwa mara mbili. Shauri letu ni hili: usifiche. Mwendee mama, keti chini mbele yake, umwambie, Mama, ulivyotulea hakuna awezaye kuvilipa, wala sisemi baba hakukukosea; nakwenda kumtazama kwa sababu Mungu ameniamuru, wala sitachukua neno lako kwake, wala la kwake kwako. Kisha ushike ahadi hiyo. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi zikishakuwa mti mkubwa, zaweza kukataa kukanyagwa.

Neno la tatu: Na aombe radhi kwanza. Ndiyo, imempasa kuomba, nasi tutamwambia. Walakini Ishmaeli hakungoja. Tena nabii Ezekieli, katika sura ya 18, afundisha ya kwamba mwana hauchukui uovu wa babaye. Neno hilo ni faraja: aibu ya talaka ile si yako, wala deni lake si lako kulidai mbele ya watu wala kulilipa. Liko mikononi mwa Hakimu mwingine. Mwana aliyeacha kuwa hakimu amepata nafasi ya kuwa mwana tena.

Nanyi wazazi mlioachana, tunalo neno kwenu, maana Waefeso 6:4 yawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Baba, usingoje ugonjwa ukutume. Usirudi siku ya mahari ya binti yako kudai ng'ombe, nawe hukununua hata daftari lake moja. Ukiitwa, njoo, na neno lako la kwanza mbele ya mama yake na wajomba zake liwe hili, Ninyi ndio mliomlea. Neno hilo ni fupi, nalo hufungua milango ambayo miaka 20 haikuifungua. Mama, mkate uliowapa wanao ulikuwa mapenzi. Usiugeuze kuwa kamba. Aliyemfundisha mtoto kumchukia babaye amemfundisha jinsi ya kumchukia mzazi, na somo hilo hajui litageukia wapi kesho.

Tena wako watoto wa nyumba ya pili. Hao hawakumfukuza mtu. Maandiko yasema ya kwamba Isaka alikaa karibu na Beer-lahai-roi, nacho ndicho kisima kile ambapo Mungu alimwona Hajiri katika mateso yake. Mwana wa Sara alikunywa maji ya kisima cha Hajiri. Ikiwa yeye aliweza, basi na watoto wa baba mmoja waweza kuketi pamoja katika arusi moja.

Ninyi walimu wa Injili na wazee wa kanisa, msilete mambo haya barazani kwa kelele. Mtembeleeni kila mmoja peke yake. Msiwalazimishe walioachana warudiane kwa ajili ya kupatanisha watoto. Hayo ni mambo mawili. Arusi ikija, enendeni mapema mkaulize baba ataketi wapi na mama ataketi wapi, msingoje ugomvi mlangoni pa kanisa. Na mwana akitaka kumwona babaye naye haya zamshika, nendeni pamoja naye. Mara nyingi kinachokosekana si upendo. Ni mtu wa kusindikiza.

Luther mwenyewe alijua uchungu wa kukosana na baba, ingawa wazazi wake hawakuachana. Mwaka 1505 aliingia utawa bila ridhaa ya babaye Hans, na mzee akakasirika sana. Mwaka 1521 Luther aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, akakitoa kwa jina la babaye. Na tarehe 15 Februari 1530, aliposikia kwamba mzee ni mgonjwa, naye hawezi kusafiri kwa hatari ya njia, alimwandikia barua ya kumfariji, akatamani wazee wake waletwe Wittenberg akae nao. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo Hans akafa. Barua ilikuwa imetangulia kaburi.

Hapo ndipo mahubiri haya yanapokaza, ndugu zetu. Katika nchi yetu hatujui kukosa maziko. Watoto waliokataa kutuma hata chumvi wakisikia msiba hupanda basi usiku huohuo; hununua jeneza zuri, na sanda, na blanketi jipya. Marehemu alitetemeka kwa baridi ya Ufipa miezi ya Juni na Julai, na blanketi limemfikia akiwa hana baridi tena. Hatuwalaumu kwa kuja. Kuja ni vema, na Ishmaeli alikuja. Lakini twaona huzuni moja katika pango lile la Makpela: wana wawili walisimama pamoja, na mmoja tu hakuwaona, yaani baba yao.

Msimngojee baba yenu pangoni. Yeyote mwenye mzazi aliye hai, ambaye hajamsalimu tangu mavuno yaliyopita, na amtumie salamu kabla mwezi huu haujaisha. Na aliye karibu, aende kwa miguu yake. Kama hatapokewa, atakuwa ametii. Kama atapokewa, atakuwa amepata kitu ambacho Ishmaeli hakuandikiwa kukipata.

Ee Bwana Mungu, uliyemwona Hajiri jangwani na kuisikia sauti ya mtoto chini ya kijiti, waone na watoto wa nyumba zilizovunjika katika sharika zetu. Wape wazazi ulimi wa kuungama, wape wana masikio ya kusikia, na utupe sisi sote kupatana tungali hai, kwa ajili ya Yesu Kristo, ambaye hata msalabani hakumsahau mamaye. Amina.