Dalali na Deni la Kusema Kweli

Je, mtu akinyamaza juu ya jambo alijualo, na mwenzake akapata hasara kwa kutolijua, amesema uongo? Wengi hujibu upesi kwamba uongo ni maneno, na asiyetamka neno hana hatia. Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Lazuka kila siku katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, na mashambani hata pwani ya Paje na Nungwi, kila dalali anapomwongoza mtu kwenda kutazama nyumba au kiwanja.

Neno dalali latoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuonyesha njia. Jina hilo lina sharti ndani yake. Amwitaye dalali akiri kwamba mwenyewe haijui njia, naye yu tayari kulipa ili aonyeshwe. Basi tutazamie nini kwa dalali aliye bora? Si maneno matamu, maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tutazamie maarifa, na pamoja na maarifa, moyo wa kuyatoa.

Maarifa yatakiwayo Unguja si haba. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji hupenya ukutani na kuozesha boriti polepole. Kisha hupakwa chokaa mpya, na mgeni asione ila weupe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri kuliko yote mjini, iliporomoka, na watu wawili wakafa. Tena nyumba nyingine ni wakfu, wala haiuzwi. Nyingine ni urithi wa ndugu wengi, na auzaye ni mmoja tu. Mashambani nako yako mashamba ya eka tatu waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, nayo yana masharti yake. Na pengine ardhi ni ya huyu, minazi iliyo juu yake ni ya yule. Zaidi ya hayo, kwa sheria ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma: mtu hupewa haki ya kuitumia. Mnunuzi asiyejua hayo aweza kutoa akiba ya miaka ishirini, akapata karatasi tupu.

Juu ya jambo hili Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika karne ya 13. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye chongo, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu bei yake ni ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, yampasa aiseme. Naye alitaja hasa nyumba iliyo karibu kuanguka, inayouzwa kana kwamba ni imara. Wahenga wetu husema, mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli. Lakini dalali amelipwa awe macho ya mtu mwingine. Jicho likiona shimo lisiuonye mguu, lina faida gani?

Dalali aweza kujitetea: “Mimi nimetumwa na mwenye nyumba, nikitoa aibu za nyumba yake, nimemsaliti.” Hoja hii ina haki yake, lakini ina mpaka. Shida iliyomfanya mwenye nyumba auze, na bei ya chini kabisa atakayoikubali, hizo ni siri zake, dalali azitunze. Boriti iliyooza na ndugu asiyeulizwa si siri ya mtu, ni hatari kwa mwingine. Utiifu haumpi mtu ruhusa ya kushiriki dhuluma. Wala tusisahau kwamba mara nyingi ujira wa dalali hukua pamoja na bei. Kwa hiyo ukimya wake humfaa yeye mwenyewe, na mtu asiwe mwepesi kuuita uaminifu ukimya unaomlipa.

Basi, wasomaji wapenzi, dalali bora mtamjua hivi. Kwanza, hueleza mapema nani anamlipa, na kiasi gani. Pili, hamharakishi mtu. Humwambia aende kwa sheha, kwa majirani na katika ofisi ya ardhi, akaulize mwenyewe. Tatu, husema lile ambalo hakuulizwa, hata kama neno hilo litavunja biashara ya siku ile.

Nasi wanunuzi tusimwombe atuandikie bei ya uongo ili kukwepa kodi. Amtakaye dalali mwongo juu ya wengine, asistaajabu siku atakapodanganywa yeye. Nyumba ni mahali pa kulelea watoto, na msingi wake wa kwanza ni neno la kweli.