Mtoto Asiyeletwa Kliniki



Mwinjili Marko, katika sura ya 9, atusimulia habari za baba aliyemleta mwanawe kwa Bwana wetu. Mtoto yule alikuwa akianguka chini, akitokwa povu kinywani, akikakamaa. Habari hii twaizoea mno, nasi twaikimbilia mwisho wake, pale alipoponywa. Lakini kabla ya kumponya, Bwana alifanya jambo dogo ambalo sisi wahubiri twalipita upesi: alimwuliza baba swali. Alitaka aambiwe ni tangu lini mtoto yu katika hali ile. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto wake, na ya kuwa mara nyingi alikuwa ametupwa motoni na majini.

Yeye ajuaye yote hakuwa na haja ya kuuliza. Hata hivyo aliuliza, akampa mzazi nafasi ya kueleza taabu yake mbele ya watu. Nao wanafunzi, tusisahau, walikuwa wameshindwa. Na wakati mtoto yungali anateseka, wao walikuwa wakibishana na waandishi.

Nenda leo kwenye zahanati yo yote ya Rungwe au ya Kilolo. Muuguzi aijuaye kazi yake ataanza na swali lile lile: tangu lini? Na katika nyanda za juu za kusini jibu la mzazi laweza kuwa lile lile pia. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Uporoto na ya Mufindi huingia mifupani. Moto huwashwa ndani ya jiko, na watoto huuzunguka mpaka usingizi uwachukue. Mtoto mwenye kifafa akianguka hapo, huanguka motoni. Akitumwa maji mtoni peke yake, huanguka majini.

Tuseme wazi juu ya kifafa, maana hapa ujinga waua kuliko ugonjwa. Wako wengi, na baadhi yao ni Wakristo wa siku nyingi, waaminio kwamba mate ya mtu aliyeanguka huambukiza. Kwa hiyo mtoto huanguka, na watu wazima wenye nguvu husimama kando wakitazama. Mate hayo hayamwambukizi mtu kifafa. Mwondoeni motoni, mlazeni ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie kijiko wala kidole kinywani, mkae naye hata azinduke. Kama degedege lapita dakika 5, mpelekeni hospitali bila kungoja. Kazi hii haihitaji cheti.

Wako walioionyesha njia zamani. Mwaka 1960, kule Mahenge, daktari wa kike mzaliwa wa Norwei, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya wenye kifafa. Aliwakuta watu wenye makovu ya moto, waliotengwa hata na ndugu zao, wakila peke yao. Alianza kuwapa vidonge vya fenobabitali, dawa ya bei ndogo, nao wengi wakapata nafuu. Twapaswa kuiangalia sana sehemu ya pili ya habari hiyo: vidonge vile havikufaa kitu pasipo mtu wa kuhakikisha vyamezwa kila siku. Dawa ya kifafa si kama dawa ya kichwa. Ikikatwa kwa ghafula, degedege laweza kurudi kwa ukali kuliko mwanzo, hata likaua. Ndiyo maana muuguzi afikaye nyumbani na kuhesabu vidonge vilivyobaki katika pakiti aokoa maisha, ijapokuwa kazi yake haionekani kuwa ya ajabu.

Na hapa nina neno zito kwetu sisi wenyewe. Wako wahubiri, na si wa madhehebu mengine tu, wanaowaambia akina mama katika mikutano ya maombi kwamba imani ya kweli huviacha vidonge nyumbani. Mama aliyechoka, mwenye kumpenda mwanawe, husadiki. Basi, mtoto akizidiwa, anayeulizwa kwa nini imani yake ilikuwa haba ni mama. Kanisa halikupata kufundisha hivyo. Baba yule wa Injili alikiri kwamba imani yake ilikuwa imechanganyika na mashaka, wala hakufukuzwa. Sala na vidonge vyaweza kukaa pamoja juu ya meza moja.

Katika nyanda hizi kifafa kina chanzo kimoja ambacho twaweza kukizuia kwa mikono yetu. Ni tegu wa nguruwe. Wataalamu wamemwona kwa wingi Mbozi, ambayo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya mpaka Songwe ilipofanywa mkoa mwaka 2016, na pia katika wilaya za Mbeya na Iringa. Mtu alaye nyama ya nguruwe isiyoiva vema hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka pamoja na choo chake. Nguruwe azururaye huyala, na nyama yake hujaa malengelenge. Lakini mtu naye aweza kuyameza mayai hayo, katika maji au mboga au kwa mikono isiyonawiwa, na ndipo mdudu huenda kukaa katika ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo mtoto ambaye hajaonja nyama ya nguruwe maishani mwake aweza kuugua kwa sababu jirani hana choo. Muuguzi wa afya ya jamii alijua hilo siku nyingi. Naye asemapo juu ya vyoo na mabanda ya nguruwe, sisi twamwona kama mtu asumbuaye watu kwa mambo madogo.

Kifafa si peke yake. Yuko mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye pengine alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua sana manjano katika siku zake za kwanza, au malaria ilimpanda kichwani. Yuko aliyezaliwa na mgongo wazi. Yuko ambaye kichwa chake hukua kupita kiasi kwa sababu ya maji. Yuko mwenye nyayo zilizopinda, ambaye angefungwa plasta mapema angetembea. Watoto hawa hufanana kwa jambo moja: wengi wao huonekana kliniki miezi michache tu, kisha hutoweka. Chanjo ya mwisho ya utotoni hutolewa akiwa na miezi 18. Baada ya hapo wazazi wengi huona kliniki imekwisha, ingawa mtoto apaswa kupimwa mpaka atimize miaka 5. Na mama wa mtoto asiyekaa wala kushika shingo huacha mapema zaidi. Hupanga foleni pamoja na wenzake, nao humtazama mtoto, kisha humtazama yeye. Pengine muuguzi mwenyewe humwuliza kwa ukali, wengine wakisikia, alikula nini alipokuwa mjamzito. Mwezi ufuatao haji. Mtoto hubaki katika chumba cha nyuma.

Ninyi wauguzi, twawaheshimu, nasi twajua mko wachache na kazi ni nyingi. Lakini neno moja la ukali kwenye mizani laweza kumpoteza mtoto kwa miaka 10.

Mgongo wazi wataka maelezo, kwa kuwa hapo parokia ina nafasi ambayo hospitali haina. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza tangu kutungwa mimba, wakati mama mara nyingi hajajua kwamba ana mimba. Vidonge vya foliki asidi vikitumiwa kabla ya mimba huzuia sehemu kubwa ya maradhi hayo. Vikianza kliniki katika mwezi wa nne, kwa jambo hili vimechelewa. Tangu 2011 kanuni za nchi yetu zataka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, na foliki asidi ni kimojawapo. Lakini ni nani katika vijiji vya Mbarali au vya Kilolo anunuaye unga wa kiwandani? Mahindi ni yake mwenyewe, na mashine ya kusaga iko penye njia panda. Sasa fikirini: ni nani anayekutana na msichana kabla ya mimba yake ya kwanza? Si kliniki. Ni padre na katekista, katika mafundisho ya ndoa. Twawafundisha wachumba juu ya agano na uaminifu, na twafanya vema. Tukamwalike na muuguzi wa zahanati kwa saa moja, aje na vidonge mkononi. Najua mapadre watakaosema hilo si somo la dini. Mimi naona kwamba atangazaye ndoa mbele ya altare Dominika tatu mfululizo aweza kutangaza na hili.

Kuna watu wasemao kwamba mtoto wa namna hii ni adhabu, au amerogwa, au ni kosa la ukoo wa mama. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi waliuliza juu ya kipofu tangu kuzaliwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Hata hivyo wako akina baba, wabatizwa, ambao huondoka mara waonapo mtoto hakai. Huenda Mbeya mjini au Makambako kutafuta kazi, nao hawarudi. Mama hubaki na mtoto mgongoni, mwenye miaka 7, asiyejiweza. Baba wa namna hiyo asijidanganye kwamba amekwepa jambo la ukoo wa mkewe. Mtoto ni wake.

Na mama huyo ahitaji nini? Mara nyingi ahitaji mtu wa kumwonyesha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, uji huingia mapafuni, naye hufa kwa kichomi. Watu husema alikuwa mgonjwa tangu hapo. Akiketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, uji ukiwa mzito, kijiko kikiwa kidogo na mlishaji akiwa na subira, hushiba salama. Kiti chake chaweza kutengenezwa na seremala wa kijiji kwa mbao na kipande cha godoro. Viungo vyake vyahitaji kunyooshwa kila siku asubuhi wakati wa kuogeshwa, ili visikakamae. Hayo yote hufundishwa nyumbani, penye jiko na kitanda vyenyewe, na mtu aliyepanda kilima akafika.

Huduma ya namna hiyo ipo mahali pengine. Wanging'ombe, ambayo ilikuwa ya mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, kituo cha Inuka cha Jimbo la Njombe huhudumia wenye ulemavu. Iringa mjini ndugu zetu Waanglikana walianzisha Neema Crafts mwaka 2003, nayo imewapa kazi wenye ulemavu, tena kwa heshima. Lakini vituo ni vichache na milima ni mingi. Na upasuaji wa kichwa chenye maji kwa miaka mingi ulimaanisha safari ya Muhimbili, zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya.

Tena Iringa ilikwisha kuonyesha ulimwengu kwamba mtoto aweza kuwa shauri la kijiji kizima. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, kwa fedha za Italia, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Kila miezi 3 ilikuwa siku ya afya: watoto walipimwa uzito, na matokeo yakasomwa mbele ya kamati ya kijiji, ambayo ilipaswa kujibu itafanya nini kwa kila mtoto aliyepungua. Kufikia 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka kama asilimia 6 hadi chini ya 2. Leo, katika mkoa ule ule wenye ghala za mahindi, utafiti wa nchi wa 2022 umewakuta watoto 57 katika kila 100 wamedumaa. Kamati zikiacha kuuliza, mizani peke yake haifanyi kitu.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ya jamii 137,294 kwa miaka 5. Tangu 2010 iko pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka wapewe huduma za afya bila kubaguliwa. Twashukuru. Lakini mhudumu wa kijiji hawezi kumhudumia mtoto ambaye hakuambiwa kwamba yupo. Ni nani ajuaye chumba cha nyuma cha kila nyumba? Ni jumuiya ndogo ndogo, zikutanazo humo kwa zamu. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, watoto hawa huletwa kanisani, hupakwa mafuta, hupigwa picha na kupewa sabuni na sukari. Katika zile siku nyingine 364 WAWATA na katekista wanajua wamekwenda wapi?

Tuseme mama mmoja katika bonde la Kilolo ana mwana wa miaka 6 mwenye kifafa. Akiwa chini ya miaka 5 matibabu yake yalisamehewa, ila nauli haikusamehewa kamwe. Kila mwezi apaswa kufika kituoni kuchukua vidonge. Mwezi asipopata nauli, vidonge hukoma, na jiko la moto liko pale pale. Nauli hiyo, ya kwenda na kurudi, yaweza kuchangwa na nyumba 12 za jumuiya yake. Jina la mtoto liandikwe na katibu katika daftari la jumuiya, katika kikao cha wiki hii, pamoja na tarehe ambayo vidonge vyake vitakwisha, na jina la mtu atakayekwenda kuvichukua iwapo mama amelala mgonjwa.