Kusoma Vitabu vya Itikadi ya Wakristo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja wa pwani, ambaye riziki yake imempeleka Ruring'u, mjini Nyeri, ametuletea suali. Majirani zake ni Wakatoliki, watoto wa misheni ya Consolata iliyofika Kenya mwaka 1902, na Wapresbiteri wa upande wa Tumutumu. Mmoja wao amemuazima kitabu kigumu cha elimu ya dini yao. Ameusoma mlango wa Utatu mara tatu wala hakuambulia kitu. Anauliza: yafaa aendelee? Na je, kule kutofahamika si dalili tosha kwamba maneno yenyewe ni upuuzi?

Twaanza na suali la pili, kwani ndilo lenye hatari. Lau Mkristo angeokota kitabu cha sifa ishirini, akasoma kwamba ujuzi wa Mwenyezi Mungu na uwezo Wake si dhati Yake wala si kitu kilicho mbali na dhati Yake, kisha akaenda kucheka barazani, tungemwambia: "Bwana, hukukaa mbele ya mwalimu, maneno haya yana istilahi zake." Basi na sisi tukubali kupimiwa kwa pishi hiyo hiyo.

Tutazame neno moja tu. Vitabu vyao vya Kiswahili husema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Neno nafsi asili yake ni Kiarabu, na sisi tulisikiapo twafahamu roho ya mtu au mtu mwenyewe. Kwa hivyo twadhani wamesema watu watatu. Lakini hapo neno hilo limebebeshwa maana ya neno la Kiyunani, hipostasi, ambalo wanachuoni wao walilijadili miaka mingi baada ya baraza la Nikea la mwaka 325. Waarabu Wakristo, katika jambo hilo hilo, hutumia neno uknumu. Asiyejua haya hushindana na neno lake mwenyewe.

Itikadi hiyo sisi hatuikubali, na Qur'ani imeikataa wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 171. Lakini kuikataa ni jambo moja, na kumzulia mtu asilolisema ni jambo jingine. Suratul Maida, aya ya 8, yatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, seuze jirani aliyetuazima kitabu chake.

Na uchungu wake twaujua. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA ya Unguja, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya Kikristo. Lililowauma Waislamu ni Kitabu chao kufasiriwa na mtu mwenye haja ya kukishinda. Je, tuwafanyie wengine lile lililotuuma?

Imamu Ghazali, kabla ya kuwajibu wanafalsafa katika Tahafut, aliandika Maqasid, akayapanga maneno yao kama wasemavyo wenyewe. Na Ghazali huyo huyo akaandika Iljam, kuwazuia watu wa kawaida hata na ilmul kalam ya Waislamu wenyewe. Hapana mgongano. Atakaye kujibu ni lazima afahamu. Asiyekuwa na chombo halazimiki kwenda bahari kuu.

Basi jawabu letu ni hili. Kusoma kwenyewe si haramu kwa mwenye kuijua dini yake; kwanza naashike tauhidi kwa mwalimu. Kisha penye uzito amwulize jirani, "Ninyi hapa mwakusudia nini?" kabla ya kumjibu. Asilolifahamu aseme, "Silifahamu," wala asilicheke. Na akiona shaka yamwingia moyoni, nakifunge kitabu, akirejeshe kwa mwenyewe kwa shukrani, ampeleke shaka yake kwa mwenye elimu. Hapo hakushindwa. Ukweli wa tauhidi haukuwekwa juu ya ulimi wake, lakini uadilifu wake kwa jirani ataulizwa.

Wallahu aalam.