Je, Mkristo Ajifunze Kutumia Bastola?



Mwezi uliopita tulikuwa Gihundwe, upande wa Cyangugu, kumtembelea mama mmoja wa kanisa letu aliyehama kambini kwenda kukaa na ndugu zake. Wazee wanajua kwamba ni Gihundwe wamisionari wa Uswidi, wakitokea upande wa Kongo, walipoanzisha kazi ya Kipentekoste katika Rwanda mwaka 1940, kazi ambayo leo inaitwa ADEPR. Basi tulikwenda kwa furaha, tukidhani tutakula, tutaomba na kurudi. Baada ya chakula mama akaleta simu akasema, "Mchungaji, sikilizeni kwanza sauti ya mtoto wenu."

Mtoto wenyewe ni mwanaume mwenye mke na watoto. Alipewa makazi Marekani, katika jimbo la Texas, na kule anatumika kama shemasi wa mlangoni. Kanisa lake lina kikundi cha ulinzi, nao wamemwomba ajiunge. Msiharakishe kuwacheka. Katika jimbo hilohilo, Novemba 5, 2017, mtu aliingia katika kanisa la Kibaptisti la Sutherland Springs wakati wa ibada, na waliokufa walihesabiwa 26 pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama yake. Tena Desemba 29, 2019, katika kanisa la West Freeway, mji wa White Settlement, mtu alitoa bunduki akaua waumini wawili, na mlinzi wa kujitolea wa kanisa akampiga risasi moja akaanguka. Yote hayo yalichukua sekunde chache tu. Watu wa kule wanaposema juu ya ulinzi hawasemi hadithi.

Ndugu yetu akaenda darasani Jumamosi ya kwanza. Darasa lenyewe halikuwa la kulenga shabaha ya mbali. Lilikuwa la bastola ndani ya nyumba, umbali wa hatua tatu hadi saba: mlangoni, kwenye kona, katikati ya viti. Walifundishwa kidole kisiguse kifyatulio mpaka mtu amekwisha kuamua. Mdomo wa bastola usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Uangalie nani yuko nyuma ya unayemlenga, kwa kuwa risasi hupita ukuta wa mbao na kumkuta mwingine. Walifundishwa pia namna ya kuzuia mtu asikunyang'anye silaha. Kisha wakapitishwa katika vyumba vilivyowekwa watu wa karatasi, wengine wameshika bastola, wengine hawana kitu. Katika chumba cha tatu ndugu yetu alifungua mlango, akaona mkono umeinuliwa, akapiga mara mbili. Yule wa karatasi alikuwa ameshika simu.

Mwalimu alimwambia kwamba siku ya kwanza wengi hukosea hivyo. Wenzake wakacheka kidogo. Yeye akatoka nje akatapika. Swali lake kwetu lilikuwa hili: "Baba mchungaji, nimetenda dhambi? Na Jumamosi nirudi?"

Tulikaa kimya, maana mama alikuwa anatutazama.

Ni vizuri mjue huyu ni nani. Juni 2004, vita vilipoingia Bukavu, alivuka Ruzizi na mama yake akiwa mtoto wa miaka 11, wakalala Cyangugu. Shangazi yake alikimbilia Burundi. Usiku wa Agosti 13 mwaka uleule, katika kambi ya Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa ndani ya mahema, na shangazi alikuwamo. Kambi ya askari haikuwa mbali, lakini hawakuja. Kwa hiyo mtu wa namna hii akiambiwa "jifunze kulinda mlango", ndani yake kuna sauti inayojibu haraka sana.

Wapo watakaosema jibu ni rahisi, Bwana alimwambia Petro arudishe upanga. Ni kweli. Lakini tusome habari yote. Katika Luka 22 Bwana mwenyewe anataja upanga, wanafunzi wanaonyesha panga mbili, naye anasema zatosha. Panga mbili kwa watu kumi na mmoja si jeshi, wala si mikono mitupu. Halafu usiku, bustanini, mtu na mtu wakiwa karibu kabisa, Petro anachomoa na kukata. Anamkata nani? Si kuhani mkuu, wala si Yuda. Yohana 18 inatuambia ni Malko, mtumwa, aliyetumwa na bwana wake. Kila mara tunapofundisha sura hii tunasimama hapo. Petro naye alipiga mtu wa chumba cha tatu. Na kama angekuwa amefundishwa vizuri kuliko alivyokuwa, Malko asingebaki na sikio la kuponywa, maana angekuwa maiti.

Kwa upande mwingine, Kutoka 22 inasema mwizi akivunja nyumba usiku na kupigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu, lakini jua likiwa limechomoza, anayo. Sisi tunaelewa hivi: usiku mwenye nyumba hawezi kujua mgeni amekuja kuiba au kuua, mchana anaweza kuona. Torati inapima mtu kwa kile alichoweza kuona. Kwa hiyo kujifunza kuona vizuri kabla ya kupiga hakuwezi kuwa dhambi. Huenda katika darasa lile zima hilo ndilo somo lililokuwa na faida.

Tena hapohapo Cyangugu tunao ushahidi ambao hatuwezi kuukwepa. Aprili 1994 waliokimbilia parokia za Mibilizi na Shangi waliuawa. Lakini Nyarushishi maelfu ya Watutsi waliishi, kwa sababu kamanda wa jandarmeri, Innocent Bavugamenshi, aliweka askari waaminifu kuwalinda na Interahamwe wakazuiwa. Wale askari walikuwa na bunduki. Hatuwezi kumshukuru Mungu kwa ajili ya Nyarushishi halafu tuseme kila ashikaye silaha ni mwovu. Ila bunduki za namna ileile, mikononi mwa wenye sare kama zile, zilikuwa zinaua mahali pengine.

Basi tukamjibu. Hukutenda dhambi kwa kwenda, wala kanisa lako halikosi kwa kuweka walinzi. Lakini wewe usiwe yule mwenye bastola. Mama amekwisha kutuambia kwamba bado unaamka usiku mlango ukigongwa. Mtu ambaye Gatumba haijaisha ndani yake asipewe kazi ya kuamua kwa sekunde moja kama ni simu au ni silaha, kwa sababu atakayemhukumu atakuwa ni mwingine, wa usiku mwingine. Jifunze kufunga jeraha damu isimwagike, jifunze kutoa watoto kwa mlango wa nyuma. Hata kazi hizo kikundi cha ulinzi kinazihitaji.

Vijana wa hapa kambini, tunajua mtatuuliza kwa nini tumemjibu yule kwa upole na nyinyi tunawakataza. Yule ana sheria ya nchi, ana leseni, ana wazee wanaojua jina lake. Anayekuja kwenu usiku, akisema kuna mafunzo ng'ambo ya mpaka na nauli atalipa yeye, hana hata kimoja katika hivyo. Tena kambi ya wakimbizi ni mahali pa raia. Siku kambi ikisemwa ina wapiganaji, bibi zenu ndio watakaolipa. Juu ya hilo hatuna maneno mawili.

Ndugu yetu alisikiliza jibu letu, akashukuru, akatuma sauti nyingine fupi: "Na kama siku hiyo mwenye bastola hayupo, niko mlangoni peke yangu, nanyi mlinikataza?"

Mama aliizima simu, akaiweka mezani. Mpaka leo hatujamjibu. Alhamisi baada ya maombi tutaliweka swali hilo mbele ya wazee, na vijana wanaotaka kusikia wanakaribishwa.