Deni la Shamba la Kukodi

Hebu nikuulize, ndugu msomaji: ukikodi shamba kwa msimu mmoja, una deni gani kwa ardhi utakayoiacha?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nimelikuta katika shamba la mahindi analokodi mama yangu, kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, karibu na Ulaya. (Si Ulaya ya wazungu, ni Ulaya yetu sisi.) Shamba hilo lina kiduha. Ukikitazama, ni kijimmea kizuri chenye vimaua vyekundu. Kumbe ni mwizi. Hunyonya mizizi ya mahindi mpaka mahindi yanadumaa kama yamerogwa. Mche mmoja humwaga maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Zinasubiri nini? Dalili ya mzizi wa kuunyonya. Bila hiyo haziamki.

Tangu nimalize kidato cha nne, kazi yangu ni kung'oa. Kusema kweli, msimu uliopita kuna siku nilijificha chini ya mwembe nikiandika riwaya yangu. Viduha vikachanua, vikapukutisha mbegu. Mama hakunigombeza. Alihesabu magunia tu, akanyamaza.

Sasa, iko dawa isiyouzwa kwenye chupa. Miaka ya 1990, watafiti wa ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua. Wakaona ajabu: kiduha nacho kinapungua! Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali. Nyingine huziamsha mbegu za kiduha, nyingine hukizuia kisishike mzizi wa mahindi. Mbegu inaamka, inakosa pa kujishikiza, inakufa. Tena mmea huo hurutubisha udongo, na majani yake ng'ombe wanakula.

Atatokea mtu aseme, mbona huo ni udanganyifu? Mimi nasema mmea hauna dhambi, kwa sababu hauchagui. Anayechagua ni binadamu, na hapo ndipo penye mtihani. Desmodiamu ukiipanda inadumu miaka. Shamba letu ni la msimu. Nilipomweleza mama, alicheka.

"Mwanangu, tumponyeshee mtu shamba lake, halafu mwakani atupandishie kodi?"

Nilikosa jibu. Mama ana haki. Si lazima maskini atoe sadaka kwa mwenye mali.

Lakini zile mbegu nilizoziacha zikapukutika, je? Hazimdhuru mwenye shamba, yeye anakula kodi. Zinamngoja mpangaji ajaye, pengine mama mwingine kama wangu. Kodi yetu itakwisha, uvivu wangu utabaki udongoni miaka 10. Basi naona hivi: sidaiwi kumtajirisha mwenye ardhi, ila nadaiwa nisimwachie mwenzangu njaa.

Jumamosi mimi na mama tunakwenda kwa mwenye shamba, kumwomba atukodishe kwa miaka mitatu ili tupande desmodiamu. Akikataa, nitang'oa kila kiduha kabla hakijachanua. Riwaya itasubiri.